Jinsi ya kufuatilia asili ya neno la Kiingereza: anza na mbwa

Anayetaka kujifunza kufuatilia asili ya maneno ya Kiingereza aanze na mbwa. Msamiati wenyewe ni mdogo, kila mtu anaujua, na ndani yake mna karibu kila aina ya safari ambayo neno linaweza kufanya. Yapo yaliyorithiwa tangu zamani, yapo yaliyokopwa kutoka Kifaransa, yapo yaliyogeuka maana njiani, yapo yanayofanana kwa sadfa tu, na lipo "dog" lenyewe, ambalo hadi leo hakuna anayejua lilikotoka. Uongo nao umejaa. Vikundi vya WhatsApp hapa Nairobi vinazungusha hadithi za asili ya maneno kama vinavyozungusha dawa za mafua, na nyingi kati yake haziwezi kustahimili swali moja: neno hilo liliandikwa mara ya kwanza lini?

Mwongozo huu unamfaa mwalimu, mwanafunzi, mtafsiri na hata mwandaaji wa maswali ya chemsha bongo. Kilatini si lazima. Unahitaji simu au kompyuta yenye intaneti, daftari, na kama saa moja kwa kila neno.

Vifaa

Anza na Online Etymology Dictionary, ambayo wengi huiita Etymonline. Ni ya bure na inasomeka hata kwenye simu ndogo. Shida yake ni tarehe. Ukikuta "late 14c.", hiyo ni mwishoni mwa karne ya 14, yaani miaka ya 1370 hadi 1399. Wanaoanza huisoma kuwa miaka ya 1400, wakapotea kwa karne nzima, na hesabu yote inayofuata ikaharibika. Kila unapoona karne, ondoa moja kabla ya kuandika mwaka.

Wiktionary ni ya bure pia, na uzuri wake ni kwamba inakuonyesha ndugu wa neno katika lugha nyingine nyingi kwa pamoja. Lakini yeyote anaweza kuihariri, kwa hiyo maelezo yasiyotaja chanzo yachukulie kama fununu. Humo utakutana na alama ya nyota mbele ya maneno, kwa mfano *hundaz. Nyota hiyo inamaanisha kwamba umbo hilo halijapatikana likiwa limeandikwa popote; wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizo hai na zilizokufa. Ukilinakili, nakili na nyota yake. Kuiacha ni kudai ushahidi usiokuwepo.

Kamusi kubwa kuliko zote ni Oxford English Dictionary, nayo hulipiwa. Kama umesajiliwa chuoni, muulize mkutubi kama chuo chako kimejiunga nayo. Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pa kuulizia ni Jomo Kenyatta Memorial Library. Asiye chuoni aulizie rafu ya kamusi kwenye maktaba ya taifa kule Upper Hill, au McMillan Memorial Library ya Banda Street, jengo lililofunguliwa mwaka 1931. Kamusi za kawaida hutanguliza maana inayotumika zaidi leo, ilhali Oxford hutanguliza maana kongwe. Kwa hiyo maana namba 1 kwenye kidahizo chake inaweza kuwa ilikufa miaka 400 iliyopita, na wewe ndiyo unayoitafuta. Tena mwaka unaoandikwa hapo ni wa maandishi ya zamani kabisa yaliyopatikana, si siku neno lilipozaliwa. Watu hulisema neno kwa muda mrefu kabla ya mtu kuliandika.

Kwa umri mkubwa zaidi kuna kamusi mbili za bure mtandaoni ambazo wengi hawazijui: Bosworth-Toller kwa Kiingereza cha Kale, na Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan kwa Kiingereza cha Kati, kile cha kuanzia karne ya 12 hadi ya 15.

Magazeti ya zamani ya Marekani yako bure kwenye Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, na vitabu viko Google Books. Google Books ina mitego miwili. Kabla ya mwaka 1800 hivi, wachapaji wa Uingereza walitumia s ndefu, ſ, ambayo kompyuta huisoma kama f. Ukitafuta "spaniel" kwenye vitabu vya miaka ya 1700 utakosa vingi. Tafuta pia "fpaniel", hata kama inachekesha. Mtego wa pili ni majarida yaliyojalidiwa pamoja. Mfululizo mzima unaweza kupewa mwaka wa toleo la kwanza, wakati ukurasa unaousoma ni wa miaka 30 baadaye. Fungua picha ya ukurasa wenyewe uone tarehe iliyochapwa. Usipoiona, usiutumie.

Kwenye daftari, kila neno lipewe ukurasa wake wenye mistari sita: umbo kongwe kabisa, mwaka wake, maana ya wakati huo, lugha lilikotoka, ndugu zake, na kiwango cha uhakika. Huo wa mwisho una majibu matatu tu: hakika, huenda, haijulikani.

Tarehe kwanza

Kabla hujasikiliza hadithi yoyote, tafuta tarehe. Chukua "hot dog". Inasimuliwa kwamba mchoraji wa katuni Tad Dorgan alikuwa kwenye uwanja wa Polo Grounds jijini New York mwaka 1901 hivi, akaona wachuuzi wakiuza soseji za moto zilizoitwa kwa jina la mbwa yule mrefu mwenye miguu mifupi, dachshund. Akataka kuwachora, tahajia ya "dachshund" ikamshinda, akaandika "hot dog". Hadithi ina mtu mwenye jina, ina mahali, na ina kichekesho mwishoni. Hivyo vitatu vikikutana, shuku. Katuni hiyo ya Polo Grounds haijawahi kupatikana, na "hot dog" kwa maana ya soseji iko kwenye magazeti ya Marekani ya miaka ya 1890, likiwemo gazeti la wanafunzi wa Yale la mwaka 1895. Neno haliwezi kubuniwa miaka sita baada ya kuchapishwa. Maelezo yanayoshikika zaidi ni mzaha: tangu karne ya 19 Wamarekani walitaniana kwamba soseji zina nyama ya mbwa. Anayenunua smokie pasua kwenye stendi ya matatu ataelewa mzaha huo bila kufafanuliwa.

Mfano mwingine ni usemi wa mvua kubwa, "raining cats and dogs". Mwaka 1999 ilisambaa barua pepe iliyodai kueleza maisha ya Uingereza ya miaka ya 1500. Ilisema paka na mbwa walikuwa wakilala juu ya mapaa ya nyasi, na mvua ikinyesha waliteleza wakaanguka ndani. Leo maneno yaleyale yanazunguka kwenye simu. Lakini usemi wenyewe hauonekani kwenye maandishi ya miaka ya 1500. Kitu cha karibu kinapatikana mwaka 1651 kwa mshairi Henry Vaughan, naye aliandika mbwa na paka, kwa mpangilio huo. Umbo tunalolijua limo kwa mwandishi Jonathan Swift mwaka 1738. Halafu jiulize pia kama umewahi kuona mbwa amelala juu ya paa la nyasi. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa maneno huwa inaishia kwenye tarehe.

Umbo la zamani

Ukishapata tarehe, tazama neno liliandikwaje wakati huo. "Greyhound" ni somo zuri kwa sababu kila mtu anadhani analijua: "grey" ni kijivu, basi ni mbwa wa kijivu. Fungua Bosworth-Toller. Utakuta grighund. Sasa tafuta rangi ya kijivu katika Kiingereza hichohicho cha Kale. Utakuta græg. Irabu ni tofauti. Kama mbwa huyu angeitwa kwa rangi yake, jina lingeandikwa græghund, na haliandikwi hivyo. Ukivuka bahari hadi Kinorse cha Kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, unakuta greyhundr, na ndani yake grey, yaani mbwa jike. Sehemu ya pili, hund, ni mbwa. Kwa hiyo jina lote linasema mbwa mara mbili, na rangi haimo. Baadaye neno la zamani liliposahaulika, masikio ya Waingereza yalilisikia kama lile la rangi wanalolijua, na tahajia ikafuata. Ukitaka kuthibitisha kwa macho, tazama mbwa wenyewe: wapo weusi, weupe, wa kahawia na wenye madoa.

Umbo hukusaidia pia kutenganisha maneno yaliyokuja kufanana baadaye. Kiswahili kina "kaa" la moto, "kaa" wa baharini na "kaa" ya kuketi, na hakuna anayetafuta undugu kati yao. Kiingereza kina "bark" ya mbwa kubweka, iliyotoka kwenye kitenzi cha Kiingereza cha Kale beorcan. "Bark" ya gome la mti, iliyotoka Kinorse, börkr. Na "bark" ya jahazi, iliyopitia Kifaransa kutoka Kilatini barca. Kila moja ipewe ukurasa wake daftarini. Anayeziweka pamoja ataishia kubuni maelezo ya kwa nini mbwa hubwekea miti.

Sauti zina kanuni

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo penye utamu. Neno la Kilatini la mbwa ni canis. La Kiingereza cha Kale ni hund, lililotupa "hound". Kwa jicho hayafanani. Hata hivyo ni ndugu wa damu.

Msomaji wa Nairobi ana faida, kwa sababu kanuni ya aina hii anaisikia kila siku. Linganisha Kiswahili na Gikuyu: panda ni handa, hapa ni haha, mpaka ni mũhaka. P ya Kiswahili inakutana na h ya Gikuyu, na si kwa neno moja tu. Kati ya Kilatini na Kiingereza kuna mpangilio wa namna hiyo. K ya Kilatini, inayoandikwa c, inakutana na h ya Kiingereza: cornu na "horn", pembe, centum na "hundred", mia, cor na "heart", moyo. Canis na "hound" wanaingia kwenye mstari huohuo. Mjerumani Jacob Grimm aliupanga utaratibu huu mwaka 1822, na unaitwa kwa jina lake. Shina la pamoja huandikwa *kwon-.

Kanuni ya kazi: usikubali undugu wa sauti kabla ya kupata jozi tatu zenye mabadiliko yaleyale. Jozi moja inaweza kuwa bahati.

Kanuni hii inakupa pia kipimo cha mikopo. Neno la Kiingereza likianza kwa k au c palepale Kilatini kinapoanza na c, na maana zikawa karibu, inaelekea halikurithiwa bali lilikopwa, kwa kuwa la kurithi lingeshageuka h. Ndivyo ilivyo kwa "canine", lililochukuliwa moja kwa moja kutoka Kilatini. "Kennel", kibanda cha mbwa, limetoka hukohuko kwa canis lakini limepita Ufaransa kaskazini. Kule Normandia walishika k pale Paris waliposema ch. Ndiyo maana Kiingereza kina "castle" na Kifaransa kina château. Kiingereza kina "kennel" na Kifaransa kina chenil. Ukiona k upande wa Kiingereza na ch upande wa Kifaransa cha leo, andika daftarini: limepitia Normandia.

Ukoo wa *kwon- unaendelea. Kigiriki kilikuwa na kyōn, na kutoka hapo lilikuja kynikos, mwenye tabia za mbwa, jina lililobandikwa wanafalsafa wa kundi la Diogenes. Leo ni "cynic". Kiwelisi kina ci, mbwa, ambalo likitanguliwa na cor, mbilikimo, hulainika na kuwa gi. Pata "corgi". Visiwa vya Canary viliitwa Canaria na Warumi, na mwandishi wao Plinio Mkubwa aliandika kwamba jina lilitokana na mbwa wakubwa waliokuwako. Baadaye ndege mdogo wa manjano akaitwa kwa jina la kisiwa. Kwa njia hiyo ndege wa kwenye tundu ana jina la mbwa. Mifano kama hii ndiyo inayofanya kazi hii isichoshe.

Tabaka la Kifaransa

Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, na uwindaji ukawa mchezo wa mabwana waliosema Kifaransa. Ukigawa maneno ya mbwa kwa asili, mstari unaonekana wazi. Upande wa kurithi: "hound", "bitch", ambalo katika Kiingereza cha Kale lilikuwa bicce, mbwa jike bila tusi lolote, "whelp", "bark", "bite", "tail". Ni mbwa mwenyewe na yale anayoyafanya. Upande wa Kifaransa: "kennel", "leash", "collar", "muzzle", "terrier", "spaniel", "retriever". Ni vifaa na kazi za uwindaji. "Paw", wayo, huwashangaza wengi kwa sababu linaonekana la nyumbani kabisa, lakini nalo ni la Kifaransa.

"Leash", kamba ya kumshikia mbwa, inastahili kutazamwa kwa karibu. Kifaransa cha Kale kilisema laisse, kutoka kitenzi laisser, kuachia. Kamba ya kushikia imepewa jina la kuachia, na si kosa: mwindaji alimshikilia mbwa hadi wakati wa kumwachia akimbize. Wawindaji wakaifanya pia kuwa hesabu. "A leash of hounds" ni mbwa watatu, wala si kamba moja. Ukikuta usemi huo kwenye maandishi ya zamani na ukautafsiri kuwa kamba ya mbwa, umekosea idadi.

"Terrier" ni kutoka chien terrier, mbwa wa ardhini, kwa sababu aliingia mashimoni kufuata mawindo. Terre ni ardhi. "Spaniel" ni mbwa wa Kihispania. Hayo hayana ubishi mwingi, tuendelee.

Maana nazo husogea

Usidhani neno la miaka 500 iliyopita lilikuwa na maana ya leo. "Puppy" lilipoonekana mwishoni mwa karne ya 15 halikuwa mtoto wa mbwa. Lilikuwa mbwa mdogo wa mapambo aliyebebwa na mabibi, awe mtoto au mzee. Inaelekea limetoka Kifaransa poupée, mwanasesere. Mtoto wa mbwa kwa Kiingereza wakati huo alikuwa "whelp". Miaka ya 1590 "puppy" lilianza kuhamia kwa mtoto, na "whelp" likasukumwa pembeni. Anayesoma maandishi ya mwaka 1500 akafasiri kila "puppy" kuwa kibwa kichanga atakosa kuona kwamba mnyama huyo huenda alikuwa na miaka 10.

"Dog days" ni mtego wa aina nyingine. Maelezo ya mitaani husema ni siku za joto ambapo mbwa hulala ulimi nje. Mwanafunzi wa Nairobi hubaki anashangaa, maana usemi huo ni wa Julai na Agosti, na hapa Julai watu wanatafuta makoti. Asili yake iko Bahari ya Mediterania na angani. Warumi waliziita dies caniculares, siku za Canicula, yaani kijibwa, jina la nyota Sirius iliyomo katika kundi la Canis Major, Mbwa Mkubwa. Nyota hiyo huanza kuonekana alfajiri kabla ya jua kuchomoza katika kipindi cha joto kali kule, na waliamini inaongeza joto hilo. Waingereza wa karne ya 16 walitafsiri tu. Hapo jifunze jambo moja la kazi: usemi unaweza kuwa na maneno ya Kiingereza kitupu huku wazo lake likiwa limekopwa. Ukiutafuta kwenye Kiingereza cha Kale hutaupata, na si kwa sababu hukutafuta vizuri.

Majina ya aina za mbwa

Haya ni rahisi, ila yana kona moja. Rottweiler, anayelinda mageti mengi ya Karen na Runda chini ya kibao cha MBWA KALI, ana jina la mji wa Rottweil, Ujerumani. Chihuahua ni jimbo la Mexico. Labrador ni eneo la Kanada. Dobermann ni jina la mtu, Karl Friedrich Louis Dobermann wa mji wa Apolda. Kwa Kijerumani lina n mbili. Boerboel ni Kiafrikana, na boer ni mkulima. Dachshund ni Dachs, jamaa ya nyegere wa Ulaya, na Hund, mbwa, kwa kuwa alifugwa kumfuata mnyama huyo mashimoni. Poodle ni Pudel, kutoka kitenzi cha Kijerumani cha kurusharusha maji, maana alikuwa mbwa wa kuokota bata majini.

Kona yenyewe ni hii: jina la mahali linakuambia nani alimpa mbwa jina, si lazima alikozaliwa. Great Dane si wa Denmark. Alikuzwa Ujerumani, na Waingereza walichukua jina la Kifaransa, grand danois. German Shepherd naye aliitwa Alsatian huko Uingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sababu hakuna aliyetaka kufuga kitu chenye neno la Ujerumani. Kennel Club ya Uingereza ilimrudishia jina la zamani mwaka 1977. Kwa aina zote hizi, tafuta lugha ya aliyemwita kabla ya kutafuta ramani.

Kufanana kwa sadfa

Lugha moja ya wenyeji wa Queensland, Australia, iitwayo Mbabaram, ilimwita mbwa "dog". Mwanaisimu R. M. W. Dixon alilipata miaka ya 1960 kwa Albert Bennett, mmoja wa wasemaji wa mwisho. Si mkopo. Lugha jirani zinaonyesha safari yake: Kiyidiny kina gudaga, Kidyirbal kina guda. Mbabaram iliangusha mwanzo na mwisho wa maneno yake, na irabu ikabadilika, ikabaki "dog". Kiingereza na Mbabaram zilifika mahali pamoja kwa njia mbili zisizojuana.

Ndiyo maana neno moja linalofanana halithibitishi undugu wa lugha mbili, hasa likiwa fupi. Konsonanti mbili na irabu moja hukutana ovyo. "Dogma" nalo halina mbwa ndani yake: ni la Kigiriki, kutoka dokein, kudhani. Kila mwaka yupo anayegundua uhusiano huo upya.

Pale njia inapokatika

Sasa "dog" lenyewe. Katika Kiingereza cha Kale neno la kawaida lilikuwa hund. Docga, ambapo cg ni namna ya kuandika gg, linaonekana mara chache mno, kwenye maelezo ya pambizoni ya karne ya 11 yanayofasiri neno la Kilatini la mbwa. Kufikia karne ya 16 limetawala, na "hound" limebaki kwa mbwa wa kuwinda. Kabla yake hakuna kitu. Halina ndugu wa uhakika katika Kijerumani wala Kinorse. Kijerumani kina Dogge na Kifaransa kina dogue, na anayeanza hufurahi akidhani amepata ndugu. Tazama tarehe, utaona walikopa kutoka Kiingereza katika karne ya 16. Bado mkopo huo una faida, kwa kuwa huko ulibeba maana ya mbwa mkubwa wa nguvu. Inaashiria ni mbwa wa aina gani Waingereza walijulikana kwao.

Umbo lake linafanana na frogga, chura, na stagga, paa dume: majina ya wanyama yenye gg katikati, labda ya kimitaani. Wapo waliolihusisha na dox, rangi ya giza. Hakuna pendekezo lililokubalika na wote. Kwa hiyo mstari wa sita wa daftari unaandikwa: haijulikani. Wahispania nao wamekwama palepale kwa perro, neno lao la mbwa.

Neno la msingi namna hii kung'olewa na jingine si jambo la ajabu. Jamaa za Kibantu zinaonyesha hivyohivyo. Mbwa wa Kiswahili ana ndugu waziwazi: embwa kwa Luganda, imbwa kwa Kiluhya na Kinyarwanda. Lakini Gikuyu husema ngui, Kikamba ngiti, Ekegusii esese. Ukipanda matatu moja kutoka Kawangware hadi mjini unaweza kuzisikia nusu ya hizo.

Kuandika matokeo

Andika kwa mpangilio wa wakati, kongwe kwanza, na kila hatua ibebe mwaka au karne. Kwa "puppy" ingetosha hivi: mwishoni mwa karne ya 15, mbwa mdogo wa mapambo, huenda kutoka Kifaransa poupée, mwanasesere; kuanzia miaka ya 1590, mtoto wa mbwa, badala ya "whelp". Neno "huenda" lisiondolewe ili sentensi ipendeze.

Kamusi zikipingana, usipige kura. Angalia ni ipi inayotaja umbo na mwaka, na ni ipi inayotaja hadithi tu. Zikiwa sawa, andika mapendekezo yote mawili na uyaache hivyo. Ukikuta kamusi tatu zenye sentensi ileile, hesabu moja, zimenakiliana.

Maneno ya kuanzia mazoezi ni "cur", "mongrel", "husky" na "mutt". La kwanza litakupeleka kwa Wanorse na mngurumo, la pili kwa neno la zamani la mchanganyiko lililobaki ndani ya "among", la tatu kwa watu wa Aktiki, na la nne, usishangae, kwenye nyama ya kondoo.